Mtunzi wa Kiwavi na Bakora ya Siku za Kwanza

Mwaka 1935 mtoto wa miaka sita aliingia darasani katika mji wa Stuttgart, Ujerumani. Alizaliwa Marekani, katika mji wa Syracuse, tarehe 25 Juni 1929, kwa wazazi Wajerumani waliohamia huko. Mama akashikwa na hamu ya kwao, na familia ikarejea. Kule Marekani alikuwa ameonja shule kwa muda mfupi, akakuta chumba chenye mwanga, karatasi kubwa, rangi za kila namna na brashi nene. Huku Stuttgart alikuta chumba chenye giza na madirisha membamba, penseli ngumu, kipande kidogo cha karatasi, na onyo kali kwamba asikosee. Haukupita muda akachapwa viganjani kwa kifimbo. Tangu siku hiyo aliichukia shule.

Mtoto huyo ni Eric Carle. Alipofariki dunia tarehe 23 Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 91, alikuwa ameacha zaidi ya vitabu 70 vya watoto. Kimoja kati ya hivyo, kile cha kiwavi mwenye njaa kilichotoka mwaka 1969, kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 60 na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 50. Vingi vya vitabu vyake vinasimulia wanyama na wadudu, na ndani ya kisa mna funzo la awali: hesabu, siku za wiki, saa, rangi, ukubwa na udogo, adabu. Mwenyewe alieleza kwamba lengo lake lilikuwa kuwapunguzia watoto machungu ya ile safari fupi iliyo ngumu, ya kutoka nyumbani kwenda shule.

Hakuwa Muislamu, wala hatumleti mbele ya wasomaji wetu kama mwalimu wa dini. Tunamleta kwa sababu swali alilolijibu kwa kazi ya maisha yake linazikabili nyumba zetu kila mtoto anapofikia umri wa kupelekwa chuoni na shuleni: je, elimu imwingie kwa mlango wa hofu au kwa mlango wa mapenzi? Wengi wetu tuliosomeshwa alifu na bee tukiwa tumekaa juu ya mkeka tunamkumbuka mwalimu, na tunaikumbuka bakora yake. Wapo waliovumilia wakahitimu. Wapo pia walioukimbia mkeka wasirudi tena, na hao hatuwahesabu tunapoisifu bakora.

Baba aliyefunua mawe

Kabla ya vita, baba yake Carle alikuwa na desturi ya kumchukua mwanawe kutembea mashambani na misituni. Alifunua jiwe au kubandua gamba la mti, akamwonyesha wadudu waliojificha humo, akamweleza maisha yao, kisha akawarudisha mahali pao kwa upole. Hakukuwa na gharama yoyote katika somo hilo ila muda wa baba.

Mwaka 1939 vita vilianza, baba akachukuliwa jeshini, na baadaye akawa mateka wa Wasovieti. Alirudi nyumbani mwaka 1947, amekonda, hafikii hata kilo 40, na moyo wake umevunjika. Mwana aliyemwacha ana miaka kumi alikuwa sasa kijana wa miaka 18, ambaye naye alipofikia miaka 15 alilazimishwa kwenda kuchimba mahandaki kwenye mpaka wa magharibi wa Ujerumani. Uzeeni Carle alisema kwamba kila alipoandika na kuchora habari za viumbe wadogo, kwa namna fulani alikuwa akimuenzi baba yake.

Sisi Waislamu hatuna sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Ndani ya Qur'ani Tukufu zimo sura zinazoitwa kwa majina ya nyuki, sisimizi, buibui, ng'ombe na tembo. Tunasoma humo jinsi sisimizi alivyowaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Sulaiman (A.S.), na jinsi Nabii huyo mwenye ufalme mkubwa alivyotabasamu kwa maneno ya kiumbe mdogo kiasi hicho. Na katika Hadithi sahihi tunajifunza kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akimtania Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, kwa kumuuliza habari za kindege chake. Mtume aliyebebeshwa mzigo wa umma mzima alipata nafasi ya kuzungumza na mtoto juu ya ndege. Ni nani miongoni mwetu mwenye shughuli nyingi kuliko yeye?

Kutoka tangazo la kamba hadi tundu katika karatasi

Katika maisha yake ya shule Carle alikutana pia na mwalimu aliyemwokoa. Fridolin Krauss, mwalimu wake wa sanaa, alimwita nyumbani kwake na kumwonyesha kwa siri nakala za michoro ya wasanii kama Picasso, Klee na Matisse, ambayo utawala wa Hitler uliipiga marufuku. Jambo hilo lilikuwa la hatari kwa mwalimu. Kijana alishangaa kuona rangi zilizotumika kwa uhuru namna ile, na athari yake haikumtoka maisha yote.

Alisomea sanaa hapo hapo Stuttgart, na mwaka 1952 akarudi New York akiwa na dola 40 mfukoni. Alipata kazi ya usanifu wa michoro katika gazeti la New York Times, kisha akafanya kazi ya matangazo ya biashara kwa miaka. Mwandishi Bill Martin Jr. aliona tangazo moja lenye picha ya kamba mwekundu wa baharini, akavutiwa, akamwomba Carle amchoree kitabu. Kitabu hicho cha dubu wa rangi ya kahawia, kinachomfunza mtoto rangi kupitia wanyama, kilitoka mwaka 1967. Mwaka uliofuata Carle alitoa kitabu chake mwenyewe cha kwanza, kinachohesabu wanyama wanaosafirishwa kwa treni kupelekwa kwenye bustani ya wanyama. Alikuwa anakaribia miaka 40.

Namna yake ya kuchora ilikuwa rahisi kuieleza. Alichukua karatasi nyembamba za shashi, akazipaka rangi kwa brashi, kwa vidole, hata kwa vipande vya zulia, akaziacha zikauke, kisha akazikata na kuzibandika kwa gundi hadi zikatoa umbo la mdudu au ua.

Kiwavi mashuhuri alizaliwa kwa mchezo. Carle alikuwa akitoboa karatasi kwa kitoboleo cha ofisini, akayatazama matundu, akawaza juu ya funza anayekula kitabu. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakumpenda sana funza, akapendekeza kiwavi. Papo hapo Carle akamwona kipepeo mwishoni mwa safari. Kwa kuwa kurasa zenye matundu na za upana tofauti zilikuwa ghali mno kuchapishwa Marekani, kazi ilipelekwa Japani. Ndipo kikapatikana kitabu ambacho mtoto hukisoma kwa kidole kabla ya kukisoma kwa jicho: anapitisha kidole penye tundu, anahesabu tunda moja, mawili, matatu, na bila kuambiwa anajifunza mpangilio wa siku za wiki.

Mafunzo yaliyojificha

Tuvitazame vingine vitatu. Kile cha mwaka 1977 kinamhusu kidudu chekundu chenye madoa meusi, mkorofi, asiyetaka kugawana chakula na mwenzake. Kila saa inapogonga anamchokoza mnyama mkubwa kuliko aliyetangulia, wakiwemo fisi, faru na tembo, hadi anapokutana na nyangumi. Kurasa zinapanuka kadiri wanyama wanavyokuwa wakubwa, na saa imechorwa pembeni. Jioni anarudi alikotoka, amechoka na ana njaa, naye amejifunza kugawana na kushukuru.

Kile cha mwaka 1984 kinamhusu buibui anayesuka utando wake kutwa nzima. Wanyama wa shambani wanamwita aje kucheza. Yeye hajibu, anaendelea na kazi. Utando umechapishwa ukiwa umeinuka juu ya karatasi, hata mtoto asiyeona anaweza kuufuata kwa vidole. Na kile cha mwaka 1990 kinamhusu nyenje mchanga anayesalimiwa na kila mdudu anayepita. Anasugua mbawa zake ili arudishe salamu, lakini sauti haitoki. Hafanikiwi ila mwishoni, na hapo kitabu chenyewe hulia kwa kifaa kidogo kilichofichwa ndani yake. Mtoto wa Kiislamu aliyefunzwa kwamba kurudisha salamu ni wajibu ataielewa huzuni ya nyenje huyo kuliko wengi.

Wazazi waulize nini?

Hatusemi kwamba kila kitabu kizuri kiingizwe nyumbani macho yakiwa yamefumbwa. Siku ya Jumamosi kiwavi hula vyakula kumi vya kila aina, zikiwemo soseji na nyama ya salami, ambazo katika nchi zile aghalabu hutengenezwa kwa nyama ya nguruwe. Mzazi hana haja ya kuichana kurasa hiyo. Amweleze mtoto kwa utulivu kwamba sisi tuna chakula chetu cha halali, kisha amuulize kwa nini tumbo la kiwavi liliuma usiku ule. Hapo atapata mlango wa kumfundisha mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kuhusu kutolijaza tumbo kupita kiasi.

Kuhusu picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wametofautiana, na kila mzazi ana sheikh wa kumuuliza. Wengi wao wamelegeza katika vitu vya kuchezea watoto, wakitoa hoja ya wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.), ambao miongoni mwao alikuwemo farasi mwenye mbawa, na Mtume alipomwona alicheka.

Tena mwenye elimu ya viumbe atagundua kosa: Carle alimtoa kipepeo wake ndani ya kifukofuko cha nyuzi, ambacho ni makazi ya nondo, ilhali kipepeo hutoka katika ganda gumu. Nalo hilo ni somo. Mtoto ajue mapema kwamba hata kitabu kinachopendwa na dunia nzima kinaweza kukosea, na kwamba kukosea hakumfanyi mtu astahili fimbo.

Kiwavi wetu wa Kiswahili

Vitabu hivi ni ghali kwa familia nyingi, na matunda yaliyomo si yale yanayojaa vikapuni mwetu. Lakini siri yake haina gharama: karatasi ngumu ya boksi, mkasi, gundi na kitoboleo. Na Kiswahili kimetupa zawadi ambayo Carle hakuwa nayo. Siku zetu zenyewe zinahesabu: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, zikaendelea hadi Jumatano, kisha inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya tano, na Ijumaa inafunga wiki kwa mkusanyiko wa ibada. Kiwavi wetu basi atakula embe moja Jumamosi, mapera mawili Jumapili, machungwa matatu Jumatatu, ndizi nne Jumanne na tende tano Jumatano. Alhamisi aipapie sinia ya pilau, sambusa, kaimati, visheti na halua hadi tumbo limsokote. Ijumaa ale jani moja bichi, apone, apumzike.

Mama anaweza kukitengeneza kitabu hicho pamoja na wanawe kwa jioni moja, na mwalimu wa madrasa akakitumia kufundishia namba siku ya kwanza, wakati watoto bado wanatazama mlangoni wakitafuta walikoishia mama zao. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba upole hulipamba kila jambo unalokuwamo. Anas alimtumikia miaka kumi, asisikie kwake hata guno la kuchukizwa. Bakora ikitundikwa ukutani, elimu haitapungua kitu.

Mwaka 2002, katika mji wa Amherst, Massachusetts, Carle na mkewe Barbara walifungua makumbusho ya sanaa ya vitabu vya watoto. Yule aliyepewa kipande kidogo cha karatasi na onyo la kutokosea aliwafungulia watoto wa watu wengine nyumba nzima ya rangi. Sisi hatuna uwezo wa kujenga makumbusho, lakini tunao uwezo wa baba yake. Ijumaa hii, baada ya sala, baba amshike mwanawe mkono, watembee hadi penye mti au ufukwe, afunue jiwe moja, wachutame watazame pamoja. Na kabla ya kuondoka alirudishe jiwe taratibu, maana chini yake wamo wenyeji.