Laptopu ya kubeba kila siku: Uzito nao una bei yake

TUKUYU

MFANYABIASHARA wa Rungwe anayetaka kununua kompyuta ya kubeba kila siku ana uamuzi mgumu mbele yake. Achukue mashine kubwa yenye kila kitu, au achukue nyepesi yenye vitu vichache? Akikosea, anayeumia ni mtaji wake. Fedha iliyokwama kwenye mashine isiyotoka dukani hainunui ndizi Kiwira wala maparachichi Katumba.

Zamani swali hilo halikuwapo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi baada ya hapo mashine hizo zilibaki kuwa mali ya ofisi chache za mijini. Leo hii wakala wa maparachichi anatunza orodha ya wakulima wake kwenye jedwali la kompyuta, mwenye duka la pembejeo anatuma ankara kwa barua pepe, na mwekezaji mdogo anafuatilia Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998, bila kuondoka Tukuyu.

Hata hivyo, mashine nyingi zinazouzwa hazikuchaguliwa kwa kuangalia kazi ya mtu wa Rungwe. Muuzaji wa Kariakoo au Mwanjelwa husifu ukubwa wa kioo, nguvu ya prosesa na idadi ya gigabaiti. Ni mara chache mteja huulizwa ataibeba vipi, au mashine itakaa saa ngapi bila umeme.

Wilaya yenye mvua na miteremko

Tukuyu iko umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Mbeya mjini, kwenye barabara kuu iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Mtu wa biashara anaweza kuanza asubuhi kwenye soko la Kiwira, akapita dukani kwake Tukuyu, kisha akateremka hadi Kyela kwenye kakao na mpunga. Sehemu ya safari hiyo ni ndani ya Noah au Coaster iliyojaa, na sehemu nyingine ni juu ya bodaboda.

Juu ya hayo kuna mvua. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mashine inayobebwa hapa inapaswa kuhimili begi lililolowa, mtikisiko wa barabara za vijijini, na saa kadhaa bila mahali pa kuchomeka chaja.

Kwa sababu hiyo, anayechagua laptopu Rungwe aanze na hesabu ya njia. Ahesabu siku anazosafiri kwa wiki, saa anazokaa mbali na umeme, na vitu vingine vilivyomo begini: daftari, mashine ya EFD ya mkononi, mwavuli, pengine na sampuli za mazao.

Mzigo halisi ni upi?

Wanunuzi wengi husoma uzito wa mashine peke yake na kusahau chaja. Laptopu ya kioo cha inchi 15.6 yenye kadi ya picha ya nguvu huweza kufikia kilo 2.4, na chaja yake nzito huongeza zaidi ya nusu kilo. Jumla ni kilo tatu hivi. Mashine ya inchi 13 au 14 ya daraja la ofisi huwa na kilo 1.3 hadi 1.6, na chaja yake ya wati 45 au 65 ni robo kilo na kidogo.

Tofauti hiyo ni zaidi ya kilo moja. Mezani haionekani. Kwa mtu aliyekaa nyuma ya bodaboda kutoka Mwakaleli, begi likiwa mgongoni na mvua ikinyesha, huonekana kabla hajafika nusu ya njia. Matokeo yake yanajulikana: baada ya wiki chache mashine inaachwa nyumbani, hesabu zinaandikwa tena kwenye karatasi, na usiku zinanakiliwa upya. Aliyenunua kompyuta ya kubeba amebaki na kompyuta ya mezani aliyoilipia bei ya kubeba.

Funzo la miaka 40

Historia ya mashine hizi ina mafunzo mawili. Kompyuta ya Osborne 1, iliyotolewa Marekani mwaka 1981 kwa dola 1,795, iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka ingawa ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na ilihitaji umeme wa ukutani. Miaka miwili baadaye ikaja TRS-80 Model 100 ya Radio Shack, yenye kilo 1.4 hivi na kioo kinachoonyesha mistari minane tu. Iliendeshwa kwa betri nne ndogo za kawaida kwa saa zipatazo 20. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu walikuwa nayo kila walipoihitaji.

Funzo la pili linakwenda upande mwingine. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ilitoa Eee PC, mashine ya kioo cha inchi saba na uzito chini ya kilo moja. Iliuzwa sana na kuigwa na kampuni nyingine. Lakini vioo vilikuwa vidogo mno kwa jedwali pana, kibodi zilibana vidole, na prosesa zilikuwa dhaifu. Miaka michache baadaye aina hiyo ya mashine ilikwisha sokoni. Wepesi peke yake haukutosha kuwaridhisha wanunuzi.

Sifa zenye uzito na zisizo na uzito

Njia rahisi ya kutoka kwenye mvutano huo ni kuzigawa sifa za mashine katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni sifa zinazoongeza kilo: kioo kikubwa, kadi ya picha ya nguvu, kibodi yenye safu ya pembeni ya namba, kisomea diski za DVD, na chaja kubwa inayolazimika kuandamana na vitu hivyo. Fungu la pili ni sifa zisizoongeza uzito wa kuhisika: kumbukumbu ya gigabaiti 16 badala ya nane, diski ya SSD badala ya ile inayozunguka, kioo kisichong'aa kwenye mwanga wa nje, kibodi inayostahimili matone ya maji, na uwezo wa kuchaji kwa USB-C.

Mfanyabiashara wa kawaida anahitaji karibu kila kitu cha fungu la pili na vitu vichache sana vya fungu la kwanza. Jedwali la hesabu, barua pepe, ankara, ukurasa wa kodi na programu za kawaida za uhasibu havihitaji kadi ya picha ya nguvu. Anayeihitaji ni mhariri wa video za harusi au mchoraji wa ramani za majengo, na kazi yake kubwa kwa kawaida hufanyika mahali pamoja.

Diski ya SSD inastahili kutajwa peke yake. Haina sehemu inayozunguka, hivyo mtikisiko wa bodaboda hauiharibu kama unavyoweza kuharibu diski ya zamani. Tena huiwasha mashine upesi, jambo linalookoa betri na muda wa mteja aliyesimama akisubiri.

Betri ndiyo uzito pekee unaostahili kulipiwa. Uwezo wake hupimwa kwa wati-saa, na kama lebo haikuutaja, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 11.4 na ampea-saa 4.2 ina wati-saa 48 hivi. Mashine inayokula wati nane kwa kazi za ofisi itakaa nayo saa sita. Ile kubwa inayokula wati 16 itakaa saa tatu, kisha itatafuta ukuta.

Mashine mbili za mwaka mmoja

Mvutano huu unaonekana vizuri katika mashine mbili za Lenovo za mwaka 2018. ThinkPad X280 ina kioo cha inchi 12.5 na uzito wa kilo moja na robo au pungufu kidogo. ThinkPad T480 ina kioo cha inchi 14 na inaanzia kilo 1.6 hivi.

Anayetazama mizani tu atachukua X280. Lakini betri ya X280 imefungwa ndani, na kumbukumbu yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, hivyo haiongezwi baada ya kununua. T480 ina nafasi za kuongeza kumbukumbu, na ina betri mbili: ya ndani ya wati-saa 24, na ya nyuma inayotoka kwa mkono, ambayo kubwa yake ni wati-saa 72. Betri ya nyuma inaweza kubadilishwa mashine ikiwa imewaka. Anayeshinda Busokelo bila umeme atakuwa na sababu ya kubeba hizo gramu za ziada. Anayetoka nyumbani kwenda ofisini Tukuyu mjini na kurudi hana sababu hiyo.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano. Mashine nyepesi inazidi nzito kwa Sh. 250,000. Kwa miaka mitatu ya kuibeba siku 300 kila mwaka, tofauti hiyo ni Sh. 278 kwa siku. Kwa hesabu hiyo wengi watasema wepesi ni rahisi.

Lakini fedha ya biashara ina hesabu nyingine. Mnunuzi wa ndizi anayezungusha mtaji wake kila wiki kwa faida ya asilimia tano atapata Sh. 12,500 kwa wiki kutokana na hiyo 250,000. Baada ya wiki 20 amepata kiasi kilekile, na mtaji bado anao. Kwake, mashine nyepesi lazima imwokolee angalau Sh. 12,500 kila wiki: safari ya kurudi dukani kuchaji, oda iliyopotea kwa kukosa ankara, au kijana anayelipwa kunakili hesabu. Kama haiokoi hivyo, asiinunue kwa fedha ya mzunguko.

Wapo pia ambao hawahitaji laptopu hata kidogo. Mwekezaji mdogo anayenunua hisa mara mbili kwa mwaka anaweza kutumia simu yake, kwani Soko la Hisa lina huduma ya Hisa Kiganjani. Fedha ya mashine itamfaa zaidi ikiwa kwenye hisa zenyewe.

Kwa anayetunza vitabu kamili vya hesabu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaiweka kompyuta katika daraja la uchakavu la asilimia 37.5 ya thamani inayobaki. Mashine ya Sh. 800,000 inapunguza faida inayotozwa kodi kwa Sh. 300,000 mwaka wa kwanza na Sh. 187,500 mwaka wa pili. Anayelipa kwa makadirio ya mauzo hapati nafuu hiyo. Kwa vyovyote, dai risiti ya EFD.

Tahadhari kwa mnunuzi wa mitumba

Mashine za ofisi zilizotumika ndizo zinazowafaa wengi wenye mtaji mdogo. Hata hivyo kuna mtego mpya. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa mashine za Intel hukubali rasmi, kwa sehemu kubwa, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Nambari inayoanza na 8, kama i5-8250U, ni ya kizazi hicho. Mashine ya i5-6200U inaweza kuwa nyepesi na rahisi, lakini haimo kwenye orodha, na haifai kuhifadhi hesabu za wateja bila mpango mwingine wa usalama.

Jambo la pili ni afya ya betri. Kabla ya kulipa, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Taarifa itakayotoka inaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, mashine ya saa sita ni ya saa tatu, na bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei ya muuzaji.

Acha uzito dukani

Kwa anayelia na kioo kidogo, dawa ipo. Kioo cha mezani cha inchi 22 kilichotumika na kibodi yenye safu ya namba vinaweza kukaa Tukuyu daima. Mashine ya kilo moja na nusu inachomekwa asubuhi, inachomolewa kwa safari, na jioni inarudi. Mvua na mtikisiko vinabaki kwa kile kidogo kinacholazimika kusafiri.

Kabla ya kwenda dukani, weka begi unalobeba kila siku juu ya mizani ya mazao, pamoja na vyote vilivyomo. Kisha ongeza kilo tatu za mchele na ulibebe siku nzima ya gulio. Siku inayofuata ongeza kilo moja na nusu tu. Baada ya siku hizo mbili, maelezo ya muuzaji yatakuwa rahisi kuyapima.