Wale ni Nani? Riwaya ya Mkangi na Ng'ambo ya Likoni (Sehemu ya Pili)

Tuanze na neno moja: Walenisi. Litamke polepole. Wale, ni, sisi. Katama Mkangi alilifanya jina la sayari, na jina la riwaya yake iliyotoka mwaka 1995. Sarufi yatufunza kuwa "wale" ni walio mbali na msemaji na msikilizaji. Mkangi akawachukua hao wa mbali, akawaunga na "sisi" kwa kijineno "ni".

Aliyeishi Likoni mwaka 1997 anaujua uzito wa "wale". Usiku wa Agosti 13, kituo cha polisi kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa. Siku zilizofuata, nyumba na vibanda vya watu wa bara vilitiwa moto. Waliouawa walipita 100, na maelfu walihama, wengine wakalala katika uwanja wa kanisa. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba. Wale wametuchukulia ardhi, wale wametujazia bandari: ndivyo ilivyosemwa. Uskwota na ukosefu wa kazi ni dhuluma za kweli, nasi wa Pwani tunazijua. Lakini hasira ilielekezwa kwa muuza mboga, na aliyehodhi maelfu ya ekari akalala salama. Itikadi ya watawala hufanya kazi hivyo: huhamia kinywani mwa mtawaliwa hadi aidhanie kuwa yake.

Riwaya yaweza nini mbele ya jambo kama hilo? Mtazame Dzombo, mhusika mkuu. Nchi yake inamhukumu kifo: anatiwa ndani ya chombo cha angani asichojua kukiendesha. Hafi. Anajifunza kukiendesha, anatua Walenisi, kwa watu wasiojua tajiri wala maskini. Msomaji anafuatana naye, na kila jambo Dzombo analolistaajabia huko linamfanya msomaji aulizie la kwao: mbona sisi tuliliona la kawaida? Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo mwanzo wa kukataa. Hotuba humpa mtu jibu. Hadithi humwachia swali alale nalo.

Hata jina si la bure. Hiyo "dz" ni sauti ya Kimijikenda, na Dzombo ni kilima cha Kwale. Mtoto wa Mtongwe anayesoma Kiswahili cha vitabuni anakuta jina la nyumbani kwao likipaa angani.

Mkangi hakuandika kwa kubahatisha. Alikuwa mhadhiri wa sosholojia, akawekwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani. Mwaka ule ule wa Likoni kuungua, aligombea urais. Alifariki mwaka 2004 kwa ajali ya barabarani.

Walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, nawasihi: mnapoisoma Walenisi na wanafunzi, waulizeni kwanza nyumbani kwao neno "wale" humaanisha nani. Sehemu ijayo tutaingia Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981. Mwaka uliofuata, mwandishi wake alikamatwa.