Msikiti wa Kizimkazi

Msikiti wa Kizimkazi ni msikiti wa kale uliopo katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, nchini Tanzania. Unajulikana hasa kwa maandishi yake ya Kiarabu ya mwaka 500 Hijria (1107 BK), ambayo ni kati ya maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani ya Afrika Mashariki. Msikiti bado unatumika kwa sala.

Jengo

Kwa nje msikiti unaonekana kama jengo la kawaida la kijijini lenye kuta nyeupe na paa la bati. Ukale wake unaonekana ndani, katika ukuta wa kibla, ambao unatazama kaskazini kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Unguja. Katika ukuta huo kuna mihrabu iliyochongwa kwa mawe ya matumbawe.

Mafundi wa pwani walitumia matumbawe laini yaliyotolewa baharini. Yakiwa bado mabichi huchongeka kwa urahisi, na yakikauka huwa magumu. Kwa sababu hiyo nakshi zake zimedumu kwa karne nyingi.

Maandishi

Maandishi ya mwaka 500 Hijria yameandikwa kwa hati ya Kikufi iliyopambwa kwa maua na majani. Yanataja mwezi wa Dhulkaada na jina la sheikh aliyeagiza ujenzi. Mwaka 1922 mtaalamu Samuel Flury alichapisha uchambuzi wa maandishi hayo. Mtindo wake hufananishwa na nakshi za Siraf, mji wa bandari wa Uajemi uliofanya biashara na pwani ya Waswahili.

Umri wa msikiti

Tarehe ya maandishi si umri wa jengo zima. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na sehemu kubwa ya kuta za sasa ni za wakati huo au baadaye. Mabaki ya karne ya 12 yako hasa upande wa kibla. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mara nyingi msikiti huu huitwa wa kwanza katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, uchimbaji wa Shanga, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, umefichua mabaki ya misikiti ya karne ya 8. Tofauti ni kwamba misikiti ya Shanga ni magofu yaliyofukuliwa ardhini, ilhali Kizimkazi kuna tarehe iliyoandikwa ukutani na watu wanaendelea kusali mbele yake.

Masimulizi

Wenyeji husimulia kwamba jina la kijiji linatokana na Kizi, aliyekuwa mtawala, na Kazi, fundi aliyemjengea msikiti. Katika simulizi moja, Kizi alimkata fundi mkono. Baadaye maadui walipovamia kutoka baharini, Kizi aliomba dua na nyuki wakawafukuza. Waliporudi, alikimbilia pangoni na mlango ukajifunga nyuma yake. Masimulizi haya yana matoleo mbalimbali na hayathibitishwi na maandishi ya msikiti.

Kutembelea

Wageni wengi hufika Kizimkazi kuwaona pomboo na kuondoka bila kuingia msikitini. Kutoka Bwejuu, katika pwani ya mashariki, kuna njia mbili: kupita Paje, Jambiani na Makunduchi, au kupita Paje hadi Kitogani na kugeuka kusini. Anayesafiri kwa daladala ya Bwejuu iendayo mjini hushuka Kitogani na kusubiri ya Kizimkazi.

Mgeni huomba ruhusa kwa msimamizi, huvaa nguo za heshima, huvua viatu mlangoni na huepuka saa za sala. Ni desturi kuacha sadaka kwa ajili ya matunzo. Nje kuna makaburi ya kale ya masheikh na masharifu, ambayo hayakanyagwi wala kukaliwa. Nakshi za mihrabu hazifai kuguswa, kwa kuwa jiwe la matumbawe huliwa polepole na jasho la mikono na unyevu.