Kisukari na Bega Lililoganda

Mwanamke aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 40, ambaye mkono wake umemtii maisha yake yote, huanza kuona taabu kuupeleka mgongoni apate kufunga vishikizo vya gauni, kisha kuunyanyua ajifunge kilemba, hata mwisho kulalia upande ule kukawa ni adhabu. Naye, kwa kuwa hakuanguka wala hakupigwa, aghalabu hudhani kwamba ni baridi yabisi, akajipaka dawa ya kuchua na kusubiri. Ni nadra mtu kumwuliza habari ya sukari iliyomo katika damu yake.

Maradhi haya ya bega kuganda yalielezwa na mpasuaji wa Kifaransa, Simon-Emmanuel Duplay, mnamo mwaka 1872, lakini ilipasa kungoja hadi 1945 ndipo Julius Neviaser, tabibu wa Marekani, alipobainisha kuwa ila kubwa imo katika kifuko cha nyama laini kinachokizunguka kiungo. Kifuko hicho, kikiwa kizima, huwa kilegevu kama kwapa la kanzu, na ulegevu huo ndio unaoupa mkono ruhusa ya kuzunguka kila upande. Kikivimba, kikanenepa na kujikunyata, mkono hufungika. Ndiyo maana picha ya eksirei, ambayo huonyesha mifupa, aghalabu haina la kusema, ilhali daktari aushikaye mkono na kujaribu kuugeuza kwa nje huona dhahiri kuwa haugeuki, hata mgonjwa akiulegeza kabisa.

Katika watu kwa jumla, hupatwa kati ya 2 na 5 katika kila 100, na wengi wao ni wanawake wa miaka 40 hadi 60; bali kwa wenye kisukari hesabu hupanda hadi 10 au hata 20 katika kila 100, hususan walioishi na kisukari muda mrefu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba sukari ikizidi kwa miaka hujigandisha katika nyuzi za kolajeni, ambazo ndizo zinazokisuka kifuko kile, ikazifunga pamoja zikawa ngumu, na vidole vya mikono navyo huweza kukakamaa kwa njia hiyo hiyo. Kwa nini wanawake wazidi, haijathibitika. Wako wanaozitilia shaka homoni za wakati wa kukoma hedhi, nami naiona dhana hiyo ina mashiko, ingawa ushahidi wake ungali haba.

Kwa hiyo bega lililoganda bila sababu ni hoja tosha ya kupima sukari, maana wako wasiojua kuwa wana kisukari mpaka siku hiyo. Maumivu hutangulia kwa miezi, ukakamavu hufuata, kisha mkono hufunguka polepole, mwaka mmoja hadi mitatu kwa jumla, na kwa wenye kisukari muda hurefuka na bega la pili huweza kufuata. Kuulazimisha mkono kwa nguvu wakati maumivu yangali makali huyazidisha. Mazoezi ya upole, yakiongozwa na mtaalamu wa viungo, ndiyo yafaayo. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo hutuliza maumivu, lakini huipandisha sukari kwa siku kadhaa, basi mgonjwa na amwambie daktari kabla ya kudungwa kwamba ana kisukari, na siku zinazofuata aipime sukari yake mara nyingi kuliko ada.