Darubini ya Ndege na Kamera ya Kuvuta Mbali

Darubini ya kutazamia ndege ni bomba moja lenye lenzi pana mbele na kioo kidogo cha jicho nyuma. Husimama juu ya stendi ya miguu mitatu na kukuza kitu mara 20 hadi 60. Kamera ikishikwa mahali pa jicho, hunasa kile ambacho mtazamaji angekiona. Ufundi huo, dijiskopingi, ulivuma kuanzia mwaka 1999, mtazama ndege wa Malaysia, Laurence Poh, alipoweka kamera ndogo ya dijitali nyuma ya darubini yake. Kamera ndogo za wakati huo zilivuta mara tatu au nne tu, na udogo huo ndio uliozifaa.

Baadhi ya wapiga picha wanaofika mji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, siku hizi hubeba kamera za kuvuta mbali, kama Nikon P900 inayovuta mara 83 au P1000 inayovuta mara 125. Huonekana jambo la akili kuifunga moja ya hizo nyuma ya darubini ili nguvu zizidishane. Hesabu inakataa.

Darubini yenye lenzi ya milimita 80 inayokuza mara 20 hutoa nyuma mwale wa nuru wenye upana wa milimita 4. Mwale huo lazima uingie wote katika tundu la lenzi ya kamera. Kwenye kamera ya kuvuta mbali tundu hilo liko ndani sana, nyuma ya vioo vingi, hivyo sehemu ya nuru huishia pembeni na picha hutoka kama duara ndani ya giza. Kuvuta zaidi hupanua duara, lakini bomba la lenzi nalo hurefuka, hugonga kioo cha darubini na kuielemea adapta inayoviunganisha. P900 ikivutwa hadi mwisho nyuma ya darubini hiyo, mwale ule wa milimita 4 huifanya ifanye kazi kwenye f/89, yaani tundu dogo mno: giza, ukungu na mtikisiko.

Ikivutwa kidogo tu, hadi urefu wa fokasi wa milimita 100 (kwa kipimo cha kamera ya filamu ya mm 35), mara 20 za darubini huifikisha milimita 2000, yaani pale pale inapofika yenyewe bila darubini. Faida inayobaki ni nuru. Tundu la P900 ikiwa imevutwa kabisa ni kama milimita 55, kwa hiyo darubini ya 80 huleta nuru karibu maradufu. Kwa P1000, yenye tundu la kama milimita 67, faida ni ndogo zaidi. Canon SX50, kamera nyingine ya kuvuta mbali yenye tundu la milimita 33, ndiyo inayonufaika kweli, kwani nuru huongezeka karibu mara sita.

Mahali napo pana neno lake. Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, ndipo darubini inapostahili: mwari, korongo na mnandi hukaa mbali majini, tena kwa muda mrefu. Ndani ya Msitu wa Rau au kwenye mashamba ya migomba na kahawa ya Marangu, ambako hondohondo huruka mti hadi mti, stendi huchelewesha. Kamera peke yake inatosha. Huko juu mlimani, kwenye nyika za lobelia, chozi huja karibu na maua, na kumtwisha mpagazi darubini nzito kwa ajili yake ni kumwonea.

Hewa ndiyo kikwazo ambacho lenzi haikitibu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko takriban kilomita 30 kutoka mjini Moshi, na mara nyingi mawingu huifunika kabla ya adhuhuri. Kwenye tambarare za miwa za kampuni ya sukari ya TPC, joto la mchana hutetemesha kila taswira. Kazi ifanyike asubuhi mapema.

Anayeamua kuunganisha aanze na ukuzaji mdogo kabisa wa darubini, alenge kwa darubini kwanza kisha kwa kamera, na atumie kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise chombo. Simu janja, yenye lenzi ndogo inayoukaribia mwale, hushirikiana na darubini vizuri kuliko kamera ya kuvuta mbali. Mwenye vyombo vyote atafute na kumtambua ndege kwa darubini, ampige kwa kamera ikiwa kando, na simu ndiyo ifungwe nyuma ya kioo cha jicho.