Kabati lililopita majini

Maji ya mto Lumemo yakishapungua na watu wakarudi majumbani, ndipo inapojulikana samani ya nani imetengenezwa kwa nini. Kabati la ubao wa unga wa mbao uliobandikwa karatasi yenye picha ya mbao huwa limeumuka miguuni kama andazi, na ukilishika ukingoni linamomonyoka mkononi. Hilo halina fundi. Kabati la zamani la mninga au mvule lililosimama pembeni yake litakuwa na mstari wa tope magotini, milango imekaza na ubao wa mgongoni umebinuka, lakini mwili wake ni mzima. Likioshwa, likaachwa likauke, likapigwa msasa na kupakwa upya, litatunza vyombo miaka mingi mingine.

Hapa Ifakara huwezi kuzungumzia samani ukaacha kuzungumzia maji. Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa na kuingia tambarare ya Kilombero, ardhi oevu ya karibu kilomita za mraba 8,000 ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Sifa hiyo ya kimataifa ni nzuri, ila haimkaushii mtu godoro. Kwa hiyo mkazi wa kata ya Lumemo anayetaka nyumba ipendeze kwa fedha kidogo nina ushauri mmoja wa kumpa: fedha iende kwenye mbao ya zamani iliyo nzima, na muda uende kwenye kuiandaa. Rangi yenyewe ni kazi ndogo kuliko zote.

Samani za kununua hazikosekani. Huu ni mji wa watumishi: walimu, wauguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wafanyakazi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, watu wa reli ya TAZARA. Barua ya uhamisho ikifika, mwenye kabati hupiga hesabu ya kulibeba hadi Singida au Kagera, kisha hutafuta mtu wa kumtua mzigo. Taasisi nazo hupiga mnada meza na viti chakavu, na viti vya ofisini vya zamani mara nyingi ni vya mbao ngumu ambayo leo ukiitaka mpya utaulizwa una mfuko wa aina gani.

Ukienda kukagua, usitazame rangi. Pindua. Tazama chini ya miguu na nyuma ya droo, sehemu ambazo muuzaji hakuzifuta. Vitundu vidogo vyenye unga laini unaomwagika ukigonga ni dalili kwamba wadudu bado wanabungua, na kabati hilo ukiliingiza ndani utakuwa umewakaribisha na kwenye kitanda. Vitundu vikavu visivyotoa unga huzibwa kwa puti. Kiungo kilicholegea kisikutishe. Hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Kichomoe, kwangua gundi ya zamani, tia mpya, kisha ukikaze kwa mpira wa tyubu ya baiskeli hadi kesho yake. Kitu cha kuogopa zaidi ni oili chafu. Wako wanaoipaka mbao kuzuia mchwa, na mbao iliyokwisha kuinywa haishiki rangi: utapaka leo, wiki ijayo itavuka kama ngozi iliyoungua jua.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wenye brashi mkononi. Mninga usipakwe rangi. Mti huo umekatwa sana nchini, na rangi yake ya asili, ile kahawia yenye mishipa ya dhahabu, watu wa Ulaya na Asia huilipia fedha nyingi. Kufunika meza ya mninga kwa rangi nyeupe kwa sababu umeona picha kwenye simu ni hasara. Ikwangue, ipige msasa kufuata uzi wa mbao, upake vanishi: mkono wa kwanza uliolainishwa kwa tapentaini ili uzame, kisha mikono miwili mizito. Mtiki, ambao bonde hili limepandwa kwa maelfu ya hekta tangu miaka ya 1990, nao unapendeza bila kufunikwa, ila una mafuta yake ya asili; ufute kwa kitambaa chenye thina kabla ya kupaka chochote, la sivyo hautashika. Rangi iwe ya mbao zisizo na sura: msonobari, mbao mchanganyiko, kabati lililoungwa kwa vipande vya miti mitatu tofauti. Hapo rangi inafanya kazi yake halali ya kuficha.

Kabla ya kuficha kuna kukwangua, na hapa naomba tusimame kidogo. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa sababu ubongo wake bado unakua. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi mpya hakizidi sehemu 90 katika milioni. Rangi ya kabati la miaka hiyo hujui ina kiasi gani, kwa hiyo ichukulie kuwa inayo. Usiikwangue kavu uani watoto wakicheza, na usiichome moto ili ilainike. Tumia msasa wa maji, lowanisha kila mara, tandika turubai chini, kisha kusanya tope lote ulifunge kwenye mfuko. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri haina mabaka, huna haja ya kuiondoa yote. Iparuze tu mng'ao upotee, ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, upake juu yake.

Swali la dukani huwa: ya maji au ya mafuta? Kwa samani inayoguswa kila siku na kufutwa kwa kitambaa kibichi, nachagua ya mafuta. Kujua ya zamani ni ipi, lowesha pamba kwa spiriti usugue mahali palipojificha. Ikitoka na rangi, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta. Ukipaka ya maji juu ya mafuta yanayong'aa bila msasa, itabanduka kama ganda la yai la kuchemsha.

Na kiasi? Watu hununua galoni ya lita 4 kwa hofu ya kupungukiwa, kisha lita 3 zinagandia stoo. Lita moja ya rangi ya mafuta hutosha takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chukua kabati la upana wa mita 1.2, kimo mita 1.8 na kina cha sentimita 45. Mbele, mbavu mbili na juu ni mita za mraba 4.3 hivi. Mikono miwili ni 8.6. Kopo la lita moja linatosha, na kidogo kinabaki. Fedha uliyookoa nunua msasa wa namba tatu tofauti, wa kukwangua, wa kusawazisha na wa kumalizia, pamoja na brashi nzuri moja. Brashi ya bei ya chini huacha nywele zake kwenye mlango, nawe utazitazama miaka yote.

Kuna suala la majira. Masika, hewa ikiwa imejaa maji, vanishi hufanya ukungu mweupe na rangi iliyopakwa juu ya mbao mbichi huota malengelenge. Samani iliyopita kwenye mafuriko isikaushwe juani, itapasuka. Iache kivulini penye upepo, milango wazi, wiki kadhaa. Kuanzia Juni ndiyo nafasi yako. Paka asubuhi umande ukishakauka, uache jua kali la mchana. Jioni usithubutu. Ifakara ni mahali ambapo Mswisi Rudolf Geigy alifika mwaka 1949, na utafiti wa wadudu wanaoeneza magonjwa ukaota mizizi tangu wakati huo; ukipaka mlango mweupe chini ya taa saa moja usiku, utapata maonyesho yako mwenyewe, yaliyogandishwa kwa kudumu. Usisahau chini ya miguu. Pale mbao ilipokatwa ndipo inapofyonza maji kwa kasi, na mafundi wengi hawapagusi kwa sababu hapaonekani.

Kuhusu rangi gani, mimi sina subira na kijivu kinachotawala picha za mitandaoni. Vyumba vyetu vingi vina madirisha madogo, kijivu huvizika. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za kawaida za madukani juu ya vipande vya ubao wa silingi, na hakuogopa nyekundu kukaa jirani na buluu. Mng'ao ule wa kopo la duka la vifaa vya ujenzi ndio ulioipa dunia mtindo wenye jina lake. Kwa hiyo kopo lako halina upungufu. Kabati la vyombo lipake nje rangi ya maziwa na ndani, mgongoni, kijani cha nguvu. Sahani nyeupe zitaonekana tangu mlangoni. Ukienda dukani chukua kitambaa kimoja cha makochi ulichofuma au ulichorithi, ukilinganishe pale pale, maana hicho hutakibadilisha na rangi unaweza. Kile kidogo kilichobaki koponi kipake stuli au fremu ya picha, na chumba kitaanza kusemezana.

Kisha ngoja. Rangi ya mafuta hukauka kwa kugusa ndani ya siku moja, lakini kukomaa hasa huchukua wiki mbili au zaidi. Ukiwahi kupanga vikombe vitaacha miduara, na kitambaa kitaganda, ukikivuta kitaondoka na rangi. Vyombo vikae kwenye beseni kwa muda huo. Wageni watakaouliza, waonyeshe kabati kwa mbali.