Kusoma Kwenye Kompyuta na Kuelewa



Mwaka jana kikundi kimoja cha akina mama kiliniita nikisaidie kusoma masharti ya mkopo. Tulienda saiba, katibu akafungua barua, nami nikasoma kurasa nne kwenye kompyuta huku kijana wa saiba akihesabu dakika zake. Nikawaambia, "Hakuna shida, wekeni sahihi." Kumbe ukurasa wa tatu ulisema kila mwanachama ni mdhamini wa mwenzake: mmoja akishindwa kulipa, wote wanalipa. Macho yangu yalipita hapo, akili haikushika. Mmoja alishindwa. Wenzake wakauza mbuzi.

Si mimi tu. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli walijumlisha matokeo ya tafiti 54, zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi ya waliosoma kwenye kioo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi pale msomaji alipowekewa muda. Kwa hadithi hakukuwa na tofauti. Ni maandishi ya kueleza mambo yanayotuponyoka, na masharti ya mkopo ni ya aina hiyo. Ubaya mwingine ni kwamba anayesoma kwenye kioo hujiona ameelewa kuliko alivyoelewa. Kwenye simu tumezoea kupitisha kidole, basi hata barua ya deni tunaisoma vivyo hivyo.

Kwa hiyo jambo la pesa liprintiwe. Kurasa nne hazimalizi hata nauli ya kwenda soko.

Ikibidi kusoma kwenye kioo, kwanza kuza herufi: kwenye simu tanua kwa vidole viwili, kwenye kompyuta bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha. Mmoja asome kwa sauti, polepole, asimame kila aya, na mwingine (si yule anayesoma) aeleze kwa lugha ya nyumbani maana yake. Akikwama, rudini. Katibu aandike kwenye kitabu cha kumbukumbu riba, tarehe za kulipa na nani mdhamini. Tukikodolea kioo tunapepesa macho mara chache, nayo hukauka. Kila dakika 20 tazameni mbali kidogo.

Wale akina mama walinisamehe. Lakini kwa mkopo wa pili hawakuniita mpaka karatasi ziko mezani, na mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu nyekundu.